Kujitolea kwa ujuzi si kufanya kazi bila mshahara

Tangazo la aina hii si geni tena Mbeya wala Iringa: kampuni changa inatafuta mhasibu, mtu wa masoko na mtaalamu wa programu, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, nauli itatolewa. Juu kabisa limeandikwa kwa herufi nene: mpango wa kujitolea kwa ujuzi. Wanaoitika ni vijana waliomaliza chuo na bado wako mtaani. Wanakaa miezi, wanaondoka na barua ya shukrani, na aliyebandika tangazo anaamini kabisa kwamba ameanzisha kitu cha kisasa.

Kujitolea kwa ujuzi ni pale mtu mwenye ajira yake anapotoa utaalamu uleule unaompa mshahara, kwa asiyeweza kuununua kwa bei ya soko, ili kufanya kazi moja ambayo mwanzo na mwisho wake unajulikana. Mhasibu akienda kufyeka nyasi za zahanati siku ya usafi amejitolea, na ahsante kwake, lakini si kwa ujuzi. Mhasibu huyohuyo akikaa Jumamosi mbili na binti anayekausha matunda Tukuyu, wakapanga daftari la mauzo hadi likaweza kupelekwa kwa watu wa kodi, TRA, bila aibu, hapo ametoa ujuzi.

Jambo hili limeanzia kwa mawakili. Wao huliita kwa Kilatini *pro bono publico*, yaani kwa manufaa ya umma, na chama cha mawakili cha Marekani kinawahimiza wanachama wake watoe angalau saa 50 kwa mwaka kwa wasio na uwezo wa kulipa. Mwaka 2001 likaanzishwa kule shirika la Taproot Foundation, likauliza kwa nini iwe mawakili peke yao, na likaanza kuwaunganisha watu wa masoko, wabunifu wa michoro na maofisa rasilimali watu na mashirika ya kijamii. Mwaka 2008 kampuni ya IBM ilituma vikundi vya kwanza vya wafanyakazi wake nje ya nchi zao kwa kazi za namna hiyo, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kuwapokea. Katika yote haya, anayetoa ana mshahara unaoingia mwisho wa mwezi.

Kwetu, kujitolea kuna historia yake, na nadhani ndiko mkanganyiko ulikotoka. Vijiji vimejenga madarasa kwa nguvu za wananchi. Jeshi la Kujenga Taifa, tangu lilipoanzishwa mwaka 1963, limezoeza kila familia neno hili: uliza kwenye kambi zake za Itende au Mafinga, utaambiwa huyu kaja kwa mujibu wa sheria, yule kaja kwa kujitolea. Halafu ajira zikawa chache, na mwalimu au muuguzi anayefanya kazi kituoni huku akisubiri ajira naye akaitwa anayejitolea. Ni watu watatu tofauti. Wa kwanza anatoa nguvu zake kwa kitu kitakachokuwa chake na cha jirani zake. Wa pili ameingia kwenye utaratibu wa taifa wenye kanuni zake. Wa tatu anatafuta kazi, na kumwita anayejitolea kunaficha kwamba hana namna nyingine.

Sheria haidanganyiki na jina. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitike vinginevyo, likiwapo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa. Baadhi yake ni haya: namna anavyofanya kazi inaelekezwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, anapewa vifaa vya kazi, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Rudi kwenye tangazo letu. Hata ukitoa saa moja ya chakula cha mchana, kijana huyo anazimaliza saa 45 za mwezi kabla wiki ya pili haijaisha. Mhasibu wa Jumamosi mbili hazikaribii. Tofauti kati yao inapimika kwa saa, na inaweza kufika mbele ya msuluhishi wa migogoro ya kazi.

Kuna upande mwingine ambao hata wanaobuni, kwa nia njema, huduma za kuunganisha wenye ujuzi na kampuni changa huuruka. Mteja wa wakili ni maskini aliyeonewa, lakini kampuni changa ni biashara ya mtu anayetarajia faida. Manufaa ya umma yako wapi hapo? Wakati mwingine yapo: kijana aliyesoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya akitengeneza mashine ya kumenya viazi inayofanya kazi Umalila, wananufaika wengi. Mara nyingi, hata hivyo, ni haki kusema wazi kwamba haya ni mabadilishano. Mwenye kampuni anapata ujuzi. Mfanyakazi wa kampuni kubwa, ambaye huenda kwa miaka kadhaa amekuwa akijaza sehemu moja tu ya fomu moja, anapata kuona biashara nzima ikiamuliwa mbele yake. Mwajiri wake anarudishiwa mtu aliyechangamka. Kama hakuna kinachorudi, au kama kinachotakiwa ni cha kila siku, basi mwenye kampuni alipe, na akikosa fedha wazungumzie hisa kwa maandishi.

Na saa hizo ni za nani? Mwajiri akiruhusu mchana mmoja kwa mwezi ndani ya muda wa kazi, mwajiri ndiye ametoa. Mfanyakazi akienda jioni au Jumamosi, ametoa yeye. Kampuni inayopiga picha na kusema imejitolea, kumbe ni jioni za watu wake, inajipa sifa ya wengine. Mfanyakazi akihamishiwa kampuni changa kwa miezi sita huku mshahara unaendelea, huko ni kuazimwa. Akikutana na kijana mara moja moja kumshauri tu, bila kushika kazi yoyote, huo ni ulezi. Yote ni mema, lakini kila moja linahitaji makubaliano yake.

Kwa hiyo anayetaka kubuni huduma ya kuwaunganisha hawa asianze na orodha ya watu waliojiandikisha, aanze na kazi. Nyanda za Juu Kusini ujuzi upo, tatizo haukai chumba kimoja na anayeuhitaji. Anayetaka kupeleka parachichi za Rungwe nje ya nchi anahitaji mtu anayejua nyaraka za forodha na cheti cha afya ya mimea, na mtu huyo yuko mpakani Tunduma akifanya kazi hiyo kila siku. Huduma nzuri itamwomba mwenye parachichi aandike nusu ukurasa: nini kifanyike, kiishe lini, nani kwake atakiendeleza mgeni akiondoka. Asiyeweza kuandika nusu ukurasa huo bado hajawa tayari kupokea mtu, na hapo huduma imsaidie kuuandika kwanza. Kisha ziulizwe habari ngumu mapema. Afisa mikopo wa benki akiona vitabu vya kampuni leo, na kesho kampuni hiyo ikaomba mkopo kwenye tawi lake, atafanyaje? Namba za simu za wateja ataziona nani, tukijua kwamba tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi? Programu atakayoiandika kwa kompyuta ya mwajiri itakuwa ya nani?

Ndugu zangu mnaoendesha vituo vya ubunifu na vikundi vya wajasiriamali, sidhani kama wengi wenu mnakusudia kumnyonya mtu. Mnapoandaa tangazo linalofuata, andikeni kazi yenyewe, saa zisizozidi chache kwa mwezi, tarehe ya kumaliza, na kwamba linawahusu walio kazini. Mkigundua kwamba mnachohitaji kweli ni mtu wa kufungua ofisi asubuhi na kuifunga jioni, andikeni nafasi ya kazi, na mtaje mshahara hata kama ni mdogo, ili kijana wa Uyole aamue mwenyewe kama unamtosha.