Je, watu wa mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa na adabu kutuzidi?

Wengi huamini kwamba zamani adabu ilitawala hadharani, kwa kuwa picha za wakati huo huonyesha wanaume wenye suti na kofia. Sheria za miji ya Marekani zinaonyesha vingine. New York ilipiga marufuku kutema mate sakafuni mwa tramu na majengo ya umma mwaka 1896, na miaka mingi baadaye polisi walikuwa bado wanawakamata wakosaji. Mwaka 1910, Chicago ilidhibiti pini ndefu za kofia za wanawake, ambazo ncha zake zilichomoza na kuwajeruhi abiria waliosongamana ndani ya tramu, ingawa (na hili husahaulika) baadhi ya wanawake walizitumia kujihami dhidi ya wanaume waliowapapasa humo humo, suti zao zikiwa zimepigwa pasi.