Eti msemaji mkali haandiki hotuba? Acheni stori

Dhana sugu kuliko zote ni hii, eti wasemaji wakali wanasimama tu na maneno yanatiririka. Utasikia Abraham Lincoln, yule rais wa Marekani, aliandika hotuba yake maarufu ya mjini Gettysburg kwenye treni, tena juu ya bahasha. Wapi! Alianza kuiandika Washington kabla hajasafiri. Na Martin Luther King, mpigania haki za weusi Marekani, ni kweli ile sehemu ya "nina ndoto" kwenye hotuba yake ya Agosti 1963 haikuwepo kwenye karatasi aliyoshika, ila alishaisema mjini Detroit miezi miwili nyuma, kwa hiyo pale jukwaani aliitoa ikiwa imeshaiva.

Eti hotuba ndefu ndo nzito. Siku hiyohiyo ya Gettysburg Edward Everett, msemaji maarufu wa enzi hizo, aliongea kama masaa mawili, Lincoln akatumia dakika kama 2, maneno 270 hivi, sasa jiulize watu wanakumbuka ipi. Mtu akiongea kawaida anatoa maneno kama 120 hadi 150 kwa dakika, so ukipewa dakika 5 maneno 650 yanatosha kabisa.

Kwenye mpangilio ndo watu wanapotea zaidi, wanakaa wanahangaika na utangulizi wakati hata hawajui wanataka kusema nini. Anza na sentensi moja, watu wakitoka hapo wabaki na nini kichwani, halafu tafuta hoja mbili au tatu za kuibeba, kila hoja na mfano wake, chochote kisichoisaidia hiyo sentensi kata hata kama unakipenda (hapo panauma, najua). Utangulizi andika mwisho. Na usiogope kurudia, kwenye insha mwalimu angekupigia mstari mwekundu lakini msikilizaji hana ukurasa wa kurudi nyuma, mwambie tu "hilo la kwanza, sasa tuje la pili".

Halafu ile ya maneno ni asilimia 7 tu ya ujumbe, mengine sauti na mwili, hiyo wameipotosha. Tafiti za mwanasaikolojia Albert Mehrabian za 1967, ilikotoka hiyo namba, zilihusu hisia pale neno na sauti au uso vinapopingana, sio hotuba nzima.

Na kukariri neno kwa neno? Winston Churchill, mwanasiasa wa Uingereza, alifanya hivyo, mwaka 1904 akakwama katikati bungeni ikabidi akae chini, tangu hapo akawa anaenda na karatasi yake. Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho, katikati tembea na pointi zako.