“Kutwa Anatazama Video za Sayansi”: Dhana Potofu Nilizochoka Kuzisikia

Wazazi wanaoleta mabinti kwenye klabu yangu ya sayansi wana kauli moja: “Mwalimu, huyu sayansi anaipenda, kutwa yuko kwenye simu anatazama video zake.” Namuuliza binti video ya mwisho ilikuwa ya nini. “Yai lilielea.” Kwa nini lilielea? Anamtazama mama yake.

Dhana: Akitazama sana, sayansi itamwingia yenyewe.

Haimwingii. Runinga na intaneti zinaamsha hamu, na hilo si dogo, lakini hamu isipopata kazi hupoa. Mwaka 2004 Catherine Crouch, Eric Mazur na wenzao wa Harvard walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa fizikia. Walioonyeshwa jaribio wakakaa kutazama tu walielewa karibu sawa na wenzao ambao hawakuonyeshwa chochote. Waliowazidi ni wale waliotakiwa kukisia matokeo kwanza. Na hao ni watu wazima wa chuo kikuu, sembuse mtoto wa miaka tisa ambaye video inayofuata inaanza kabla hajapumua.

Tena kutazama kunadanganya. Katika utafiti wa Michael Kardas na Ed O’Brien wa mwaka 2018, waliotazama mara 20 video ya mtu akilenga shabaha kwa kishale walijiamini kuliko waliotazama mara moja. Walipopewa vishale wenyewe, hawakuwazidi.

Kwa hiyo nawaambia wazazi, na nitaendelea kuwaambia hadi wanichoke: simamisheni video. Yai linakaribia maji, bonyeza hapo hapo. “Litazama au litaelea? Kwa nini unadhani hivyo?” Ngoja jibu, hata likiwa la ovyo, kisha endeleeni. Ikiisha, zima simu, leta glasi, yai na chumvi. Kwenye maji matupu yai linazama. Chumvi inapozidi, densiti ya maji, yaani uzito wake kwa ujazo ule ule, inaipita ya yai, nalo linapanda. Binti mmoja klabuni hakuishia hapo. Alimimina maji yasiyo na chumvi polepole juu ya kijiko ili yasichanganyike na yale ya chini, yai likabaki limesimama katikati ya glasi, halipandi wala halishuki. Kwenye video hilo halikuwemo. Tangu hapo hakuna aliyemwambia kwa nini mayai huelea. Yeye ndiye anayewaambia wenzake.

Dhana: Bila rangi ya waridi na vipodozi, wasichana hawavutiki.

Tume ya Ulaya ilijaribu mwaka 2012: video yenye visigino virefu na lipstiki, eti kuwaita wasichana kwenye sayansi. Ilikosolewa vikali hadi ikaondolewa. Mwaka huo huo Diana Betz na Denise Sekaquaptewa wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kuwa wanasayansi wa kike waliopambwa hivyo waliwapunguzia wasichana hamu ya hesabu, wakilinganishwa na wale wasiopambwa. Mwanasayansi kupaka lipstiki ni hiari yake. Kuigeuza lipstiki kuwa chambo ni kumwambia mtoto kwamba sayansi yenyewe haina ladha.

Dhana: Bado mdogo, asubiri sekondari.

Lin Bian na wenzake waliripoti mwaka 2017 kwamba wasichana wa miaka 5 wanaihusisha akili nyingi na jinsia yao kama wavulana wanavyofanya kwa yao. Wakifika miaka 6, imani hiyo imeanza kushuka. Sekondari umechelewa.

Dhana: Mwite “mwanasayansi” ajiamini.

Nia njema, lakini Marjorie Rhodes na wenzake walipima mwaka 2019 kwa watoto wa miaka 4 hadi 9: wasichana walioalikwa “kufanya sayansi” walidumu kwenye mchezo wa sayansi kuliko walioalikwa “kuwa wanasayansi”. Sema tu, “Njoo tufanye sayansi.”

Dhana: Simu itamletea inayomfaa.

Simu huleta kinachofanana na kilichokwisha kutazamwa. Kama akaunti ni ya kaka yake, ataletewa mambo ya kaka yake. Mchagulie video mwenyewe, chache.

Dhana: Majaribio yanachafua nyumba.

Hii ni kweli. Tandika gazeti.