Melatonini haichukui nafasi ya dawa zako za moyo

Hapa Tanga vichupa vya melatonini, homoni ya usingizi inayouzwa kama vidonge, hufika ndani ya mabegi ya ndugu walioko Muscat na Dubai, na vyote huja na maelezo yaleyale: aliyefanyiwa upasuaji mkubwa ameze kidonge kila usiku, moyo wake utakuwa salama. Hapana.

Imani hiyo ilianzia maabara. Kwa panya, melatonini ilipunguza madhara yanayoupata msuli wa moyo damu inaporudi baada ya kukatika. Kwa binadamu haikuwa hivyo. Huko Uhispania wagonjwa wa mshtuko wa moyo walipewa melatonini wakati mshipa wa moyo unazibuliwa, na sehemu ya moyo iliyokufa haikupungua. Majaribio ya wagonjwa wa upasuaji ni madogo, na mengi yalipima troponini (protini inayovujia kwenye damu msuli wa moyo ukijeruhiwa) na viashiria vingine vya damu, hayakufuatilia nani alipona na nani alifariki.

Kinachoniudhi hasa ni mtu kuacha metoprololi au atenololi yake, dawa zinazotuliza mapigo ya moyo na presha, kwa kuwa “melatonini inatosha”. Ukizikatisha ghafla, mapigo na presha hupanda, na moyo hudai oksijeni nyingi kuliko mishipa inavyoweza kuuletea. Kama unazitumia, zimeze hata asubuhi ya upasuaji kwa funda la maji, isipokuwa daktari wa usingizi (anayekulaza wakati wa upasuaji) amekukataza. Kama huzitumii, usiazime za jirani: jaribio la POISE la 2008, lililofanywa kwa wagonjwa wa upasuaji, lilionyesha kuwa metoprololi iliyoanzishwa siku ya upasuaji ilipunguza mishtuko ya moyo, lakini ikaongeza viharusi na vifo. Na nyinyi mliobadilishiwa vali za moyo Dar es Salaam mkarudi na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, msiguse melatonini kabla ya kuzungumza na kliniki na kupima INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda), kwani zikikutana damu inaweza kuvuja.

“Kifua hakiumi, basi moyo mzima.” Si kweli. Moyo ukijeruhiwa baada ya upasuaji, mara nyingi mgonjwa hahisi chochote, maana yuko kwenye dawa kali za maumivu. Mengi ya majeraha hayo hutokea ndani ya siku 2 za mwanzo, na yanaonekana kwa kupima troponini. Mwenye miaka 65 na zaidi, au mwenye ugonjwa wa moyo, aulize mapema kama atapimwa.

“Ni kitu cha asili, hakizidi.” Kanada walipima bidhaa 31 za melatonini mwaka 2017, moja ilikuwa na karibu mara 6 ya kiasi kilichoandikwa.

Inachoweza kufanya melatonini ni kupunguza wasiwasi kabla ya upasuaji, na kwa mtu mwenye hofu hilo si dogo. Mpelekee daktari wa usingizi kichupa chenyewe, aone miligramu.

“Mgonjwa alale tu, asisumbuliwe.” Akilala mfululizo damu huganda miguuni, na bonge likipanda mapafuni linaua. Aketi na kutembea mara daktari anaporuhusu. Akirudi kwa basi kutoka Dar, ashuke Chalinze na Segera atembee, na njiani awe anakunja na kukunjua vifundo vya miguu.