Historia ya makabwela: maana yake na namna ya kuisoma

Mwanafunzi aliyesoma sekondari Vita vya Maji Maji, vya kupinga utawala wa Wajerumani kuanzia 1905, hakosi kumtaja mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, Gavana wa Kijerumani von Götzen na kiongozi wa Wangoni Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906. Muulize mwanafunzi huyo kama mkulima wa kawaida wa Umatumbi, kusini mashariki mwa Tanzania, alikuwa anakula nini mwaka 1905, au nani alilima shamba lake yeye akiwa kwenye pamba ya serikali, atakuangalia tu. Historia ya makabwela, ambayo wasomi wengine huiita historia kutoka chini, huanzia kwenye maswali ya namna hiyo.

Wengi huielewa vibaya. Hudhani ni historia ileile ya viongozi, ila imeongezwa visa vya wananchi ili inoge. Sivyo. Ukianza na mkulima, hata sababu za vita hubadilika. Wajerumani waliwaamuru majumbe wafungue mashamba ya pamba ya pamoja, na watu wakatolewa majumbani kwenda kuyalima chini ya akida, yaani msimamizi aliyewekwa na serikali, na kiboko, kwa ujira wa kuchekesha. Julai 1905, watu wa Nandete huko Umatumbi waling'oa miche ya pamba. Kung'oa miche ndilo lilikuwa tangazo la vita, na kila aliyewahi kushika jembe pale alijua maana yake.

Nenda Uzaramo, mambo yanazidi kuwa ya nyumbani. Wanaume walikuwa wakichukuliwa kwenda kufanya kazi mbali, na sheria za uwindaji zikambana mkulima asiwaue wanyama waharibifu kama alivyozoea. Nguruwe pori wakaingia mashambani. Aliyebaki kukesha akiwafukuza, kisha alfajiri akashika jembe, ni mwanamke. Watafiti waliofuatilia habari hii walifika mahali ambapo historia ya magavana isingewafikisha: kwenye ghala tupu na ugomvi wa nani alime wapi.

Sasa, habari hizi hupatikana wapi, maana mkulima hakuacha shajara? Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwahoji wazee walioikumbuka vita. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1905 alikuwa na 78 wakati huo. Wangechelewa kidogo wangekuta makaburi. Nje ya simulizi kuna nyimbo, vitabu vya misheni na majalada ya kesi. Jalada la mkoloni nalo lina sauti ya kabwela, ila imepita kinywani mwa mkalimani na kalamuni mwa karani, kwa hiyo lisome huku ukijiuliza nani aliamua kipi kiandikwe.

Simulizi za wazee nazo zisipokelewe kama msahafu. Nyerere alikwisha kuitaja Maji Maji mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956, kama ushahidi kwamba watu hawa hawakuwahi kukubali kutawaliwa. Mzee aliyehojiwa mwaka 1968 alikuwa ameishi na hotuba za namna hiyo kwa miaka. Hakudanganya, kumbukumbu yake ilikuwa imeshapita jukwaani.

Mfano wa harakati za TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ni mwepesi zaidi. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na chama, na mwenye mshahara alikuwa na cha kupoteza. Mama muuza pombe au maandazi hakuwa na bosi wa kumfukuza. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma Dar es Salaam, alipoanza kuwahamasisha wanawake mwaka 1955 alipitia vikundi hivyohivyo vya ngoma, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi, michango na mtandao wa mtaa kwa mtaa. Jina lake tunalo. Ya wenzake wengi hatuna.

Kuna kipimo kimoja ninachokiamini ninaposoma vitabu vya aina hii. Nikiona "wananchi" wanatembea kama mtu mmoja kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hawagombani, hawaogopi, hakuna anayejipendekeza kwa akida, najua nimeuziwa hadithi ya shujaa aliyebadilishwa jina tu. Maji Maji ilikuwa na Waafrika pande zote mbili. Askari na rugaruga, yaani wapiganaji wasaidizi, waliochoma mashamba na maghala kwa amri ya Wajerumani walikuwa watu weusi, wengi wao bila cheo wala mali. Waliokufa kwa vita na njaa iliyofuata hukadiriwa na wanahistoria kufika 250,000 au hata 300,000, wengi wao kwa njaa kuliko kwa risasi. Historia ya makabwela iliyo makini haina budi kumweleza aliyekufa njaa, na pia aliyeshika kiberiti: alitoka wapi, alilipwa nini, na vita vilipokwisha alirudi kuishi na nani.