Uvimbe kwenye mashina ya alizeti mwitu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi husema nundu ile ni nyumba aliyoijenga mdudu. Hapana. Anayejenga ni mmea, kwa seli zake mwenyewe. Mdudu hutaga yai kwenye tishu changa, kisha kemikali zake, hasa zile za buu, huusukuma mmea uzalishe seli kwa wingi mahali hapo. Buu hupata chumba na chakula kwa pamoja.

Je, kila nundu ina mdudu? Chukua wembe uipasue. Ukikuta tishu tupu iliyovurugika, haina chumba chochote, na hasa ikiwa karibu na mizizi, shuku bakteria Agrobacterium tumefaciens. Shina lililonyooka nalo lisikudanganye: mabuu ya nzi Strauzia longipennis hutoboa kiini cha shina la alizeti bila kulivimbisha.

Dhana inayopotosha kuliko zote ni kwamba umbo linatosha. Anza na mmea. Huko Amerika Kaskazini, asili ya alizeti mwitu, mimea ya Solidago ni ya familia moja nayo, na mashina yakishakauka ni rahisi kuyachanganya. Nundu ya mviringo kwenye Solidago huwa ya nzi Eurosta solidaginis. Iliyorefuka na kuchongoka ncha zote mbili ni ya nondo Gnorimoschema gallaesolidaginis. Kwenye shina la alizeti, nundu ya mviringo inakuelekeza kwa mdudu mwingine kabisa, kinzi (nzi mdogo sana) Asphondylia helianthiglobulus.

Ukifungua nundu ya Asphondylia, utaona kuta za chumba zimetandwa ukungu. Watu hudhani imeoza, wakaitupa. Ni hasara, kwa sababu ukungu huo ni wa kawaida kwa kundi hili na ni dalili nzuri mno ya kulitambua. Pupa wake, yaani hatua kati ya buu na mdudu kamili, ana pembe ndogo kichwani za kutobolea njia, na kinzi akisharuka, ganda la pupa mara nyingi hubaki limenasa kwenye tundu.

Kuhusu kung'oa mmea wenye nundu za wadudu hawa, hakuna haja. Kwa kawaida huendelea kukua na kuchanua.

Na anayetoka si lazima awe ndiye aliyeanzisha nundu. Nyigu vimelea huwala mabuu humo humo ndani. Hesabu mabawa: nzi ana jozi moja, nyigu jozi mbili. Akitoka nyigu, pasua nundu utafute mabaki ya buu au ganda la pupa kabla hujaandika jina lolote.