Asilimia 20 ya nini? Maana ya hatari linganishi na hatari halisi

Mwaka 2023 zilienea habari kwamba Wegovy, ile sindano ya kupunguza uzito, inapunguza kwa asilimia 20 hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi na kifo kitokanacho na maradhi ya moyo. Habari zilikuwa za kweli. Lakini ni rahisi sana kusoma kichwa cha habari cha namna hiyo ukadhani kwamba kati ya kila watu 100 wanaochomwa sindano hiyo, 20 wanaokolewa. Sivyo kabisa, na kosa si la msomaji. Kichwa kilimpa asilimia bila kumwambia ni asilimia ya kitu gani.

Jaribio lenyewe liliitwa SELECT. Liliandikisha watu 17,604 katika nchi 41, wote wa miaka 45 na kuendelea, wenye uzito uliozidi, tayari wana maradhi ya moyo au ya mishipa ya damu, ila hawana kisukari. Nusu walichomwa dawa, nusu wakachomwa sindano isiyo na dawa ndani yake, na si wao wala madaktari wao waliojua nani kapata ipi. Walifuatiliwa kwa wastani wa karibu miezi 40. Katika kundi lisilopata dawa, watu 701 kati ya 8,801 walipatwa na mojawapo ya yale majanga matatu, sawa na asilimia 8. Katika kundi la dawa walikuwa 569 kati ya 8,803, yaani asilimia 6.5.

Sasa shika kalamu. Toa 6.5 kwenye 8, inabaki 1.5. Hiyo ndiyo tofauti ya hatari halisi: katika kila watu 100 waliotumia dawa, mmoja na nusu hivi waliepushwa na janga ambalo lingewapata. Kisha chukua hiyo 1.5 uilinganishe na ile 8 ya mwanzo. Ni karibu moja ya tano yake, na watafiti walipozingatia muda ambao kila mtu alifuatiliwa, jibu likawa asilimia 20. Hiyo ni tofauti ya hatari linganishi. Namba zote mbili zimetoka kwenye jedwali lilelile. Moja inapima tofauti kwa kuhesabu watu, nyingine inaipima kwa kuifananisha na hatari uliyoanza nayo.

Madaktari wana namna ya tatu ya kuisema, iliyopendekezwa mwaka 1988, nayo mimi naipenda kuliko zote kwa sababu haina asilimia ndani yake. Gawa 100 kwa 1.5, unapata 67. Maana yake, inabidi kuwatibu watu 67 wa aina ile kwa miezi ile 40 ili mmoja wao aepukane na mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha moyo. Ni wengi au wachache? Inategemea. Kwa ugonjwa unaoua, ni namba nzuri tu. Lakini katika jaribio hilohilo, asilimia 16.6 ya waliopewa dawa waliiacha kwa sababu ya madhara, zaidi tumbo na kichefuchefu, wakati kwenye kundi la pili walioacha kwa sababu hiyo walikuwa asilimia 8.2. Anayeamua kuitumia au kutoitumia anahitaji zote hizo zikiwa kwenye kipimo kimoja. Mchezo wa zamani katika matangazo ya dawa ni kutaja faida kwa hatari linganishi, ambayo huonekana kubwa, na madhara kwa hatari halisi, ambayo huonekana ndogo. Hakuna uongo uliosemwa, na bado msomaji kadanganyika.

Mfano unaouma zaidi ni wa zamani kidogo. Oktoba 1995, kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza iliwaandikia madaktari kwamba vidonge vipya vya uzazi wa mpango vinaongeza mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Mara mbili! Vyombo vya habari vikalibeba, na wanawake wengi wakaacha vidonge ghafla. Hatari halisi ilikuwa hivi: kwa vidonge vya zamani, karibu mwanamke mmoja kati ya 7,000, kwa vidonge vipya, wawili kati ya 7,000. Ongezeko la mtu mmoja katika kila 7,000. Mwaka uliofuata, mimba zilizotolewa Uingereza na Wales ziliongezeka kwa makadirio ya 13,000. Na kejeli yenyewe ni kwamba ujauzito huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile vilivyokimbiwa.

Asije mtu akatoka hapa akisema hatari linganishi ni ulaghai na hatari halisi ndiyo ukweli. Kila moja ina kazi yake. Hatari linganishi mara nyingi huhama vizuri kutoka kundi moja la watu hadi jingine. Dawa inayopunguza hatari kwa theluthi kwa wazee inaweza kuipunguza kwa kiasi hichohicho kwa vijana. Kinachobadilika ni pa kuanzia. Theluthi ya hatari kubwa ni kitu kikubwa, theluthi ya hatari ndogo ni kitu kidogo. Ndiyo maana daktari anaweza kumwandikia dawa mgonjwa mmoja na kumwambia mwingine asubiri kwanza, ilhali wote wawili wamesoma habari ileile.

Halafu kuna suala la wingi. Mwaka 2002, huko Marekani, sehemu moja ya utafiti mkubwa wa homoni kwa wanawake waliokoma hedhi ilisimamishwa kabla ya wakati. Walikuwa wanawake 16,608, na waliopewa mchanganyiko wa estrojeni na projestini walionyesha ongezeko la asilimia 26 la saratani ya matiti. Kwa hesabu halisi: kutoka wanawake 30 hadi 38 kwa mwaka katika kila 10,000. Wanane zaidi. Kwa mwanamke mmoja anayeteswa na joto la mwili usiku na kukosa usingizi, wanane katika 10,000 ni hatari anayoweza kuipima na kuamua kuibeba. Kwa nchi yenye mamilioni wanaotumia homoni hizo, wanane hao wanakuwa maelfu kila mwaka. Namba ni moja, ila mwenye kuuliza si mmoja.

Nyama iliyosindikwa nayo ilipita njia hiyohiyo mwaka 2015, pale shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilipoiweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na tumbaku. Gramu 50 kila siku, asilimia 18 zaidi ya hatari ya saratani ya utumbo mpana. Ikiwa watu watano hivi kati ya 100 wangeipata saratani hiyo maishani mwao, wakila kiasi hicho kila siku wangekuwa karibu sita. Na lile kundi la kwanza halisemi nyama ni hatari kama sigara. Linasema tu kwamba ushahidi wa kuwa inasababisha saratani ni wa uhakika kama ule wa sigara. Wengi hawakulisikia hilo, sijui tuwalaumu akina nani.

Kuna pia mtego mdogo wa lugha. Hatari ikitoka asilimia 2 kwenda asilimia 3, mtu anaweza kusema imeongezeka kwa asilimia 50, mwingine akasema kwa pointi moja ya asilimia. Wote wako sahihi. Ukikuta neno “asilimia” peke yake, bila namba ya kuanzia, bado hujaambiwa kitu.

Mara chache namba huwa nzuri kwa kila kipimo. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya lenakapaviri, sindano ya kuzuia maambukizi ya VVU inayochomwa mara mbili kwa mwaka, iliyojaribiwa kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25 Afrika Kusini na Uganda. Kati ya 2,134 waliopata sindano, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kati ya 1,068 waliopewa vidonge vya kumeza kila siku, waliambukizwa 16. Vichwa vya habari viliandika asilimia 100, na safari hii hata ukihesabu watu, picha haififii, kwa sababu hatari ya kuanzia ilikuwa kubwa: hao 16 ni mmoja na nusu katika kila 100, na wenyewe walikuwa na vidonge mkononi. Hata hivyo, asilimia 100 ile ilikuwa ya jaribio lile. Katika jaribio la pili la sindano hiyohiyo, lililofanywa zaidi kwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao, waliambukizwa wawili kati ya 2,179.